Ijumaa Zaituni Alipongoja Waifai Yetu

Mwanangu Hawa,

Barua za watu huanza na "mimi mzima, sijui wewe." Mimi leo sina haja ya kuuliza. Uko chumba cha pili, nakusikia ukikunja nguo na kuzikunjua, na kila mara unamwimbia mtu nisiyemjua wimbo usio na maneno. Alasiri imeshapita. Baba yako ametoka kukutafutia kufuli, na mimi nimekaa kwenye meza ya darasa nikikuandikia kama vile umeshafika mbali. Isome basi lako likishavuka mpaka, si kabla, nisije nikawa sababu ya wewe kuteremka.

Sitakuandikia habari za chakula, wala blanketi, wala namna ya kuishi na watu. Hayo nimeyasema mpaka ukawa unanimalizia sentensi. Nataka kukusimulia Ijumaa moja ambayo hukuwapo. Uliporudi jioni uliniuliza, "Mama, darasa lilikwendaje?" nikakujibu, "Waifai ilisumbua kidogo, ikarudi," ukaenda zako kuoga. Sikukuficha kwa ubaya. Nilitaka tu niikalie ile furaha peke yangu kwanza. Leo nakugawia, kwa sababu unakwenda Arusha kutunza kompyuta za hospitali, na watakaokupigia simu mtandao ukikatika watakuwa watu kama nilivyokuwa mimi siku ile.

Ilikuwa siku ya mtihani wako wa mwisho pale chuoni Kyambogo. Ulitoka mapema, simu umeizima. Baba yako alikuwa Busia mpakani, amefuata vitenge pamoja na Nakato, yule jirani yake wa dukani Nakivubo anayeuza mabeseni na ndoo. Simu yangu kubwa ilikuwa kwa fundi, kioo kimepasuka, nimebaki na kitochi cha kupigia na kupokea tu. Hapa Mbuya nyumba zote za jirani watu walikuwa makazini.

Zaituni unamjua sasa, lakini wakati ule kwako alikuwa sauti tu, mmoja wa wale wanawake wanaofanya kazi za ndani Uarabuni, ninaowafundisha kusoma msahafu kwa mtandao kila Ijumaa. Alikuja kwangu hajui alifu wala be. Alikuwa Maskati, na bibi wa nyumba alimruhusu kushika simu saa moja kwa wiki, Ijumaa asubuhi. Alikuwa akikaa jikoni kwenye ndoo iliyopinduliwa, nyuma yake masufuria yananing'inia, na kila alipokosea herufi alicheka kabla sijamsahihisha.

Ijumaa ile alikuwa asome Yasini yote, peke yake, kwa mara ya kwanza. Na kesho yake familia ile ilikuwa inahamia mji mwingine, ndani kabisa, na hakujua kama huko ataiona simu tena. Wiki ya nyuma aliniambia, "Mwalimu, nataka mama anisikie kabla hatujahama. Yeye anajua mimi huku nafua tu."

Nikamwalika mama yake. Anakaa Kinawataka, hapo chini ya kilima chetu, na yeye pia ana kitochi, kwa hiyo tangu binti yake aondoke alikuwa hajauona uso wake. Alipanda mlima kwa miguu, amevaa gomesi ya kijani ya sikukuu, na alifika mapema sana, nikamkuta mlangoni ameketi anajifuta vumbi miguuni.

Sasa sikia makosa yangu, maana ndiyo yaliyonifundisha.

La kwanza nililifanya Alhamisi jioni. Kompyuta iliniuliza kama isasishwe, nikakubali. Uliniambia nisiogope kusasisha, na ulisema kweli. Ila hukuniambia nisisasishe jioni ya kuamkia siku kubwa kama harusi, kwa sababu hukudhani mtu mzima atahitaji kuambiwa. Asubuhi nikaiwasha, ikawaka vizuri tu, rangi zake zote mahali pake. Ile alama ya waifai pembeni haikuwapo. Nikafungua mipangilio, nikakuta imeandikwa kwamba hakuna kifaa cha waifai kilichopatikana. Ilisema hakuna, Hawa, kana kwamba hakijapata kuwapo.

La pili lilikuwa hasira. Niliigeukia ruta, kile kisanduku cha mtandao juu ya kabati, nikakizima na kukiwasha. Kilipokataa kunisikiliza nikachukua pini ya hijabu nikachoma kile kitundu cha nyuma, nikakishikilia mpaka taa zote zikapepesa. Kumbe nimekisahaulisha jina lake na nenosiri lake, vyote ulivyokiwekea. Kisanduku hakikuwa na kosa lolote. Nilikipiga kwa sababu kilikuwa karibu.

La tatu, nilikulaumu wewe, uliyeniwekea hiyo Linux iiendeshe kompyuta. Nilisema kwa sauti, mbele ya mgeni, "Huyu mtoto na Linux yake!" Mama Zaituni akauliza kwa upole, "Huyo Linux ndiye mume wake?"

Nikakupigia. Simu imezimwa. Nikashukuru baadaye, lakini wakati ule sikushukuru. Nikampigia baba yako.

"Mke wangu," akasema, na nyuma yake nasikia malori, "mimi najua vitenge. Lakini ngoja, Nakato yuko hapa, ana simu nzuri na ana bando. Atatafuta, atasoma, mimi nitakushikia simu mdomoni mwake."

Ndivyo tulivyofanya kazi: baba yako amesimama juani Busia ameshika simu yake karibu na mdomo wa Nakato, Nakato anasoma kwenye simu yake maneno ya watu waliopatwa na balaa kama letu, na mimi huku Mbuya kitochi nimekibana kwa bega.

Nakato hakuniambia nitulie. Hilo silisahau. Aliniuliza, "Mama Hawa, kompyuta inasema nini? Soma tu vile imeandika." Nikasoma. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile nilisoma maneno yote mpaka mwisho, na moyo ukapunguza mbio.

"Sawa," akasema. "Hapa mutu moja anasema tuangalie kama kadi bado iko ndani. Fungua ile dirisha nyeusi ya kuandika. Andika: era, esi, pi, si, ai."

"Era ndiyo herufi gani?"

"Era! Si ala. Era."

"Nakato, ni ya Laila au ya Ramadhani?"

"Ya Laira."

"Ya Laila au ya Ramadhani?"

"Si ya Lamazani! Nimesema ya Laira!"

Ulimi wa Nakato hubadilishana lamu na ra, na sikio langu likashika ra, nikaandika kwa ra. Kompyuta ikajibu kwamba haiijui amri hiyo. Mama Zaituni alikuwa ameanza kuvuta uradi. Mimi, ninayewafundisha watu kila wiki kwamba lamu inatoka hapa kwenye ulimi na ra inatoka hapa, nilikuwa nashindwa na herufi moja ya Kizungu! Ndipo nikakumbuka ninavyofanya na wanafunzi wagumu wa kusikia.

"Nakato, usiisome. Iangalie kwa macho. Imesimama kama fimbo, au imeinamisha kichwa?"

Lori likapita. "Iko fimbo," akasema.

Nikaandika lspci, nikabonyeza. Mistari ikashuka, na mmoja wao ukaitaja kadi ya mtandao usio na waya, jina lake kamili na namba zake. Nikamsomea Nakato, akapiga makofi. "Kadi iko! Haijakufa!" Na baba yako kwa mbali, "Alhamdulillahi, nani hajafa?"

Amri ya pili ilikuwa na fimbo na vichwa vilivyoinama vimechanganyika, lakini sasa tulikuwa na lugha yetu. "Kichwa imeinama, efu, kei, ai, fimbo, fimbo. Acha nafasi. Fimbo, ai, esi, ti." Hiyo ni rfkill list, unaijua. Ikasema hakuna kilichozuiwa. Kwa hiyo kadi ilikuwapo, na hakuna aliyeifungia mlango, ila hakuna aliyekuwa akiiamuru.

Saa ya darasa ikafika. Nikajua kwamba sasa hivi Zaituni amekaa kwenye ndoo yake, anatazama kioo.

Hapo ndipo nilipokaribia kuharibu kila kitu. Nakato alimpata mtu anayesema kwa ujasiri mkubwa kwamba dawa ni kuiondoa programu yote inayosimamia mtandao na kuiweka upya. Nikaandika. Kompyuta ikaniorodheshea vitu itakavyoviondoa, ikauliza, ndiyo au hapana. Kidole kilikuwa juu ya herufi ya ndiyo. Nilitaka kufanya jambo, Hawa. Mtu aliyeshikwa na hofu huona heri kubomoa kuliko kukaa. Lakini nilikuwa nimeshaonja faida ya kusoma mpaka mwisho, nikausoma ule mstari tena: kuondoa, halafu kuweka upya. Nitaviweka upya kutoka wapi, na mtandao sina?

Nikabonyeza hapana. Jasho lilinitoka kama mtu aliyerudishwa kutoka ukingoni mwa shimo.

"Nakato," nikasema, "acha hao wanaojua kuondoa. Nitafutie mtu ambaye waifai yake jana ilifanya kazi na leo haifanyi."

Akaanza kutafuta upya. Mama Zaituni akaniwekea mkono begani. "Mwalimu, basi. Umehangaika. Kama Mungu ametaka, siku nyingine." Na wote wawili tulijua kwamba siku nyingine haiko. Alisema vile ili kunipumzisha mimi, na akaanza kukusanya gomesi yake ainuke.

"Kaa, mama," nikamwambia. "Bado sijashindwa."

Nakato akarudi. "Iko! Mutu anasema, hiyo sasisho imeleta kiini mupya ya Linux, na draiva ya kadi yako, ile inaiamuru, inajua ile kiini ya zamani tu. Lakini ile ya zamani haijatupwa. Imelala huko ndani. Zima, washa, na ikianza tu finya kitufe ya Esc, itakuonyesha."

Haijatupwa. Sijui kama neno lolote la mtandao limewahi kuniliza, lile lilikaribia.

Nikazima, nikawasha, nikabonyeza nimechelewa. Ikanifungukia kama kawaida, bila waifai. Nikarudia, safari hii nikaibonyeza kwa pupa mara nyingi, ikaniangusha kwenye kioo cheusi chenye neno moja na alama inayopepesa, mahali nisipopajua kabisa. Nikazima tena. Mara hii nikasema bismillah, nikangoja, nikabonyeza mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya watu wazima. Orodha ikatokea. Nikaingia kwenye chaguo za ndani, nikaona viini viwili, kipya juu na cha zamani chini yake. Nikachagua cha zamani.

Ilipowaka nilikuwa nimefumba macho. Mama Zaituni ndiye aliyeuliza, "Hako kafeni hapo pembeni ndiko?" Nikafumbua. Ile alama yenye umbo la feni ilikuwa imekaa mahali pake.

Lakini kumbuka nilichokifanya na pini. Mtandao wetu haukuwapo kwenye orodha. Palikuwa na majina ya majirani na jina moja refu la ajabu. Nilisimama, nikakishusha kisanduku kutoka kabatini, nikakipindua, na chini yake, kwenye karatasi iliyobandikwa, nikaliona jina lile lile na nenosiri lake la kiwandani. Nikaliandika polepole. Nilikuwa nimejifunza. Likakubali.

Darasa likafunguka, na nyuso za wanawake wale zikaanza kujitokeza moja moja, kila mtu na jiko lake. Wa mwisho alikuwa Zaituni. Hakuwa anacheka. "Mwalimu," akasema, "nilidhani umeniacha."

Kabla sijajibu nilisukumwa na bega la kijani. Mama Zaituni aliusogeza uso wake mpaka ukakaribia kugusa kioo.

"Zaituni, umekonda!"

"Sijakonda, mama, ni simu."

"Simu haikondeshi mtu!"

Wote tukacheka, na Zaituni akacheka kile kicheko chake, halafu akalia kidogo, halafu akajifuta kwa kitambaa cha vyombo na kuufungua msahafu.

Alisoma. Mwanzoni sauti ilitetemeka, na pale anapokosea siku zote nikaona amepaona kutoka mbali, akapunguza mwendo, akapita salama. Mama yake hajui kusoma, lakini Yasini anaijua kwa masikio, na midomo yake ilimfuata binti yake neno kwa neno. Saa yake ilikuwa imebaki kidogo sana. Katikati ya sura mlango wa jiko lile ukafunguka, bibi wa nyumba akaingia. Nilimwona Zaituni akimwona. Hakukatisha. Bibi akaitazama saa ya ukutani, akamtazama Zaituni, akavuta kiti akaketi. Akaketi, Hawa, mpaka mwisho!

Aya ya mwisho ilipotimia vigelegele vilipigwa majikoni kote Uarabuni kwa pamoja, na hapa Mbuya Mama Zaituni alivipiga akiwa amesimama, gomesi imemlegea na hajali. Bibi wa nyumba akauliza nani aliyemfundisha. Zaituni akainua simu akamwonyesha uso wangu, na mimi, mwalimu mzima, nikapunga mkono tu kama mtoto kwenye dirisha la basi.

Huko walikohamia simu hakunyang'anywa. Na unajua mwenyewe aliporudi nyumbani alikuja wapi kwanza kabla hajafungua mizigo yake.

Mama Zaituni alipokwisha kuteremka kilima nilimpigia tena Nakato. Yule mtu wa draiva alikuwa ameandika pia namna ya kuponya kabisa, si kukimbilia kwenye kiini cha zamani tu. Sasa nilikuwa na mtandao. Fimbo kwa fimbo, kichwa kwa kichwa, nikaleta vile vijifaili vya kiini kipya vilivyokosekana, draiva ikajijenga upya mbele ya macho yangu, nikaanzisha kompyuta kwa kiini kipya, na feni ikakaa pale pale. Nilipiga kigelegele kingine, peke yangu safari hii. Baba yako akawatangazia wafanyabiashara wote wa Busia, "Mke wangu ametengeneza Linux!" Mtu mmoja akamuuliza ni gari la aina gani.

Basi uliporudi ukanikuta nachambua mchele, uso wangu wa kawaida. Moyoni nilikuwa nimepanda farasi.

Sasa wewe ndiye utakayekuwa upande ule mwingine wa simu. Muuguzi atakupigia akipiga kelele, na atakuwa ameshachoma vitundu vya watu kwa pini. Usimcheke kwa alichokifanya kwa hofu. Muulize anaona nini, umwache asome. Na usimwambie kwamba si kitu. Hujui nani ameketi kwenye ndoo akingoja.

Nawe mwenyewe patakuwa na siku utaamka huko Arusha, kila kitu kina rangi zake, ila ndani yako pameandikwa hakuna kifaa kilichopatikana. Mimi siku zangu za namna hiyo nilikimbilia kubomoa. Ijumaa ile ya kompyuta ndiyo iliyonionyesha, katika umri wangu huu, kwamba kusubiri nimalize mstari kulikuwa na nguvu kuliko hasira zangu zote. Na kwamba kile kilichokufikisha jana hakijatupwa. Rudi hapo, usimame imara, halafu urekebishe jipya. Sioni aibu kukuambia kwamba nilijifunza haya kwa Nakato wa mabeseni na kwa mama mwenye gomesi ya kijani. Najivunia kuwa nilikuwapo.

Hujui lililotokea leo asubuhi ulipokwenda Nakivubo kuwaaga watu wa duka la baba yako. Darasa zima lilikuombea safari. Zaituni aliketi hapa hapa ninapoandikia, akaongoza dua kwa sauti yake mwenyewe, akakutaja jina na jina la baba yako. Alipomaliza, wanawake wale wakaitikia, kila mmoja kutoka jikoni kwake. Na kwa kuwa mtandao haufiki kwa wote kwa pamoja, Amina haikuja mara moja. Ilikuja ya Doha, ikaja ya Riyadh, ikaja ya Maskati, tukadhani imekwisha, ikaja nyingine, na nyingine nyuma yake.

Radhi zangu na ziwe juu ya zote hizo.

Mama yako.